Bariadi Tunakula Nini, na Tangu Lini?

Leo siasa tuziweke pembeni kidogo, tuongee chakula.

Kuna swali limekuwa likinisumbua tangu nianze kazi hii ya kuzunguka na kalamu na daftari. Mgeni akishuka stendi ya Bariadi, akapangusa vumbi, akauliza, "Jamani, wapi nitapata chakula cha Kisukuma?", tutampeleka wapi? Supu na chapati ataipata asubuhi. Mchana atapata wali maharage, ugali wa sembe na samaki, pilau kama ni siku yake. Usiku chipsi mayai zitamsubiri pale pale barabarani. Lakini kibao kilichoandikwa "Chakula cha Kisukuma" mimi sijakiona. Sijakiona Bariadi, sijakiona Maswa, na Dar es Salaam ndiyo kabisa.

Hebu fikiria jambo hilo vizuri. Wasukuma ndio kabila kubwa kuliko yote Tanzania. Wahaya wakihamia mji wowote, matoke yanawafuata. Wachaga wana mtori wao, na siku hizi hata Mmakonde anauagiza. Watu wa Pwani ndiyo usiseme, pilau na biriani zao zimeshika harusi za nchi nzima. Sisi tulio wengi kuliko wote tumeleta nini mezani?

Najua jibu la washkaji zangu wa mjini. Watasema Msukuma hana mapishi, anachojua ni mlima wa ugali na sahani kubwa. Ni utani mzuri na mimi huwa nacheka. Lakini utani si historia. Nimejaribu kuifuatilia historia yenyewe kwa kusoma, kuuliza wazee na kula, maana huwezi kuandika habari za chakula ukiwa na njaa. Nilichokiona ni hiki: chakula cha Usukuma hakikuundwa ili kiuzwe. Kiliundwa ili kidumu, na ili kigawanywe. Sehemu za kula tulizonazo mjini zilizaliwa na mambo mengine kabisa: pamba, mnada na stendi. Ndiyo maana vitu hivi viwili, chakula cha asili na mahali pa kula, Bariadi havijawahi kukutana vizuri. Na kutokukutana huko kuna gharama yake, nitaisema mbele.

Tuanze na ardhi, maana ndiyo mpishi wa kwanza.

Mkoa wa Simiyu ni mchanga kwa jina. Ulianzishwa 2012, Bariadi, Maswa na Meatu zikatoka Shinyanga, Busega ikatoka Mwanza, na Itilima ikamegwa kutoka Bariadi. Kwa hesabu ya sensa ya 2022 tumevuka watu milioni 2. Lakini nchi yenyewe ni ya kale, na wenyeji waliisoma kabla ya ofisi yoyote. Wasukuma wana majina ya udongo kama vile mabaharia wana majina ya upepo. Juu, karibu na majabali, kuna luseni, mchanga mwepesi unaopenda viazi, karanga na muhogo. Ukishuka unakuta itogolo, na ibambasi, udongo mgumu unaotuamisha maji. Bondeni kabisa kuna mbuga, ule udongo mweusi unaonata kwenye gumboti masika na kupasuka nyufa kiangazi. Wataalamu wa udongo wa wakati wa Mwingereza walipofika waliyachukua majina hayo hayo na kuyaandika kwenye ripoti zao.

Mvua zetu huanza kuelekea mwisho wa mwaka, zinapumzika kidogo Januari au Februari, kisha zinamalizia mpaka Aprili au Mei. Baada ya hapo ni jua. Jua la Juni, la Julai, la Agosti, la Septemba. Mwaka mzuri unakula. Mwaka ambao lile pumziko la Januari limekuwa refu, kila mama anaanza kuhesabu vihenge.

Kwa hiyo swali la jiko la Kisukuma halikuwa "Leo tupike nini kitamu?" Swali lilikuwa "Tutakula nini mwezi wa Februari?" Ukilielewa swali hilo, utaona kwamba mapishi tuliyonayo ni majibu, tena majibu ya akili nyingi.

Chukua michembe. Baada ya mavuno, viazi vitamu, ambavyo kwa Kisukuma ni numbu, vinachimbwa na kuachwa vinyauke kidogo. Vinamenywa, vinakatwa vipande vyembamba, vinaanikwa juu ya majabali. Jua linafanya kazi ya jokofu. Ndani ya siku chache una kitu chepesi, kikavu, kinachokaa ghalani miezi na miezi. Ukikitaka unakichemsha, na ukiwa na karanga zilizotwangwa unaunga, mambo yanakuwa mazuri zaidi. Matobolwa ni ndugu wa michembe lakini njia yake ni nyingine: viazi vinachemshwa kwanza, kisha vinakatwa na kuanikwa. Vinakuwa vigumu na vitamu, mtoto anaweza kutembea navyo mfukoni akichunga ng'ombe kutwa nzima, anatafuna kama pipi.

Chukua nsansa. Majani ya kunde yanachumwa wakati wa mvua yakiwa tele, yanakaushwa na kuwekwa. Kiangazi, bustani zote zikiwa vumbi, nsansa inarudi kwenye chungu pamoja na karanga au maziwa. Mgagani nao, wenye ule uchungu wake, unapozwa kwa maziwa. Maziwa yenyewe, mabele kwa Kisukuma, yalikuwa yanakaa kwenye vibuyu mpaka yagande, mengine yanasukwasukwa kupata siagi na samli. Na chini ya hayo yote kuna ugali, bugali, wa mtama au uwele uliosagwa juu ya jiwe. Ugali mweusi mweusi, mzito, unaokaa tumboni mpaka jua lizame.

Umeona kinachounganisha vyakula hivi? Karibu vyote vinahusu kukausha na kutunza. Wenzetu walijenga mapishi kwa viungo, sisi tulijenga kwa jua.

Hapa naomba nitoe tahadhari kwa wale wanaopenda neno "asili" kupita kiasi. Viazi vitamu asili yake ni Amerika. Karanga zimetoka Amerika ya Kusini, muhogo vile vile, na mahindi Mexico. Vyote vilivuka bahari baada ya Wazungu kufika huko mwishoni mwa karne ya 15, vikaingia Afrika na kusambaa bara, mkono kwa mkono, bila bwana shamba. Katika nilivyovitaja, mtama, uwele na kunde ndivyo Waafrika wenyewe. Kwa hiyo michembe ni ya asili yetu kwa sababu ya kile bibi zetu walichokifanya na kiazi hicho, maana kiazi chenyewe kilikuwa mgeni. Asili ni ujuzi. Hilo tulishike, tutalihitaji.

Na nyama je? Si Wasukuma ni watu wa ng'ombe? Ndiyo, na ndiyo maana hatukuwa tunawala hovyo. Ng'ombe alikuwa mahari, alikuwa benki, alikuwa bima ya mwaka mbaya. Nyama ya ng'ombe ilikuwa ya harusi, ya msiba, ya mgeni mzito, au ya ng'ombe aliyekufa. Mtu aliyechinja ng'ombe kwa sababu tu ana hamu ya nyama angetiliwa shaka na ukoo wake.

Sasa twende mahali pa kula. Kwenye mji wa Kisukuma, na hapa mji maana yake ni boma la familia, palikuwa na shikome, moto wa nje ambao wanaume na vijana wa kiume waliuzunguka jioni. Chakula kililetwa hapo. Akipita msafiri, alikaribishwa hapo. Hadithi, mafumbo, kesi ndogo ndogo na mafunzo ya maisha yalimwagwa hapo hapo. Wanawake na watoto walikula upande wao, jikoni. Mahali pengine pa kula palikuwa shambani. Vijana wa kijiji, chini ya kiongozi wao aliyeitwa nsumba ntale, walikwenda kulima shamba la mtu kwa pamoja, kwa ngoma na nyimbo, na mwenye shamba aliwalisha. Ngoma ya bugobogobo tunayoishangilia kwenye sherehe leo, ile ya kurusha majembe, imetoka kwenye kazi ya namna hiyo.

Kwenye mpangilio wa namna hiyo hoteli ya nini? Kumuuzia chakula mtu mwenye njaa aliyefika kwako kungekuwa aibu. Chakula kilikuwa na njia yake ya kuzunguka: ukarimu, kazi, ujamaa wa damu. Fedha haikuwemo.

Fedha ilikuja na pamba. Kisukuma tunaiita buluba. Wajerumani ndio walioanza kuisukuma kanda hii mwanzoni mwa karne ya 20, Waingereza wakaendeleza. Reli ya kwenda Mwanza ilikamilika 1928, ikipita Malampaka kwenye wilaya ya Maswa ya leo, na marobota yakapata njia ya kwenda Dar es Salaam. Vinu vya kuchambulia vikaota, vingi mikononi mwa wafanyabiashara wa Kihindi. Kwenye miaka ya 1950 wakulima wakachoka kupunjwa kwenye mizani, wakajenga ushirika wao. Mwaka 1955 vyama vyao viliungana kuwa Victoria Federation, ambao Paul Bomani aliujenga mpaka ukawa miongoni mwa ushirika mkubwa kabisa Afrika.

Pamba haikuleta fedha peke yake, ilileta watu wasio na shikome. Karani wa mizani, dereva wa lori, fundi wa kinu, mpagazi wa robota, mwenye duka. Hawa wako mbali na kwao, hawana mama wala mke jirani, na mwisho wa wiki wana shilingi mfukoni. Ndio wateja wa kwanza wa hoteli. Na hoteli ikapika walichokijua watu wa njia ya biashara: chai ya maziwa, maandazi, chapati, sambusa, wali, mchuzi. Angalia majina yenyewe. Chapati na sambusa zimekuja kupitia bahari ya Hindi, na vitafunwa hivyo viliingia bara pamoja na duka na reli. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa, kula hotelini kwetu kulimaanisha kula chakula cha kutoka kwingine. Chakula cha nyumbani kilibaki nyumbani, na hakuna aliyeona ajabu.

Tatizo lilianza pale chakula cha nyumbani kilipopewa majina mabaya.

Pigo la kwanza lilitoka serikalini. Mkoloni aliogopa njaa, maana njaa ilimharibia pamba na kodi. Zikatungwa sheria ndogo za kulazimisha kila kaya ilime mazao ya akiba, hasa muhogo. Kuanzia 1947 ukaja mpango mkubwa wa kuendeleza Usukuma, uliokuwa na amri za kila namna: limeni matuta, punguzeni ng'ombe, msilime huku, hamieni kule. Asiyetii alitozwa faini. Watu walizichukia amri hizo, na chuki hiyo ilikuwa moja ya kuni zilizowasha moto wa TANU huku kwetu, mpaka serikali ikakataza matawi ya TANU Usukuma kuanzia 1954 hadi 1958. Lakini chuki hiyo iliugusa muhogo pia. Chakula ulicholimishwa kwa kutishiwa faini hukipendi kama kile ulichokichagua. Muhogo na vikavu vyote vikaanza kuitwa "chakula cha njaa".

Pigo la pili lilikuwa mahindi. Sisemi mahindi ni mabaya, mimi mwenyewe ni mtoto wa sembe. Nasema tu kwamba hayakushinda kwa utamu. Mtama una adui anayeitwa kwelea kwelea, ndege wanaoshuka kama wingu na kumaliza shamba asubuhi moja. Dawa yake ilikuwa watoto: wakae shambani kutwa wakipiga kelele na kurusha mawe. Sasa Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaagiza kila mtoto awe amepata nafasi ya elimu ya msingi ifikapo 1977. Jambo jema, bila lile wengi wetu tusingekuwa tunasoma ukurasa huu. Lakini mtoto akiwa darasani, nani anafukuza ndege? Mahindi yamevaa koti lake mwenyewe, ndege wanahangaika nayo. Ongeza mashine za kusaga, ambazo zilimwondolea mama adha ya jiwe. Ongeza pamba, iliyokuwa inataka mikono ile ile, msimu ule ule. Mtama ukarudi nyuma hatua kwa hatua.

Kisha mvua ikatukumbusha sisi ni nani. Miaka ya 1974 na 1975 nchi ilipata ukame, na ukame huo ulikutana na Operesheni Vijiji, watu wakiwa ndiyo kwanza wamehamishwa kutoka kwenye mashamba waliyoyazoea. Ghala la kaya, lile lililokuwa na michembe ya mwaka jana, kwa wengi lilivurugika katika kuhama. Serikali ilianzisha kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona na kuagiza nafaka nje. Yakaja mahindi ya njano kutoka Marekani. Watanzania kwa utani wao wakauita unga ule "unga wa Yanga", kwa sababu ya rangi ya jezi. Waulize wazazi wako, Simba na Yanga wote waliula.

Mimi nalisoma tukio lile hivi. Kizazi kimoja kabla, mwaka mbaya ulikabiliwa kwanza na kihenge, halafu na jirani, halafu na ng'ombe. Sasa ulikabiliwa na foleni. Sikatai kwamba foleni iliokoa maisha, na wala zamani haikuwa peponi, njaa za kuua zilikuwepo. Lakini uzito ulihama kutoka mikononi mwa mama aliyekuwa anajua kuanika, ukaenda kwenye meli na lori.

Tugeukie nyama, maana najua kuna msomaji ananisubiri hapo. Nyama yetu ya kununua ilizaliwa mnadani. Serikali ya kikoloni ilitaka ng'ombe wauzwe, kwa ajili ya kodi na kwa ajili ya walaji wa mijini, ikaanzisha minada ya mifugo. Mnada ukawa sikukuu ya kuzunguka, leo hapa, kesho kutwa kule. Mfugaji akishauza dume wake, kwa mara ya kwanza ana fedha ya ng'ombe badala ya ng'ombe. Akila nyama hapo hachinji benki yake, ananunua kilo moja tu ya benki ya mtu mwingine! Ndivyo nyama choma ya mnadani ilivyoingia kwenye maisha yetu. Inapimwa, inakatwa vipande vikubwa, inachomwa, chumvi na pilipili pembeni, ugali wa moto, watu watano sinia moja, mikono imenawishwa kwa jagi. Ukiniuliza mahali pa kula panapokaribia shikome kwa roho, nitakujibu ni mnadani. Watu wanakula kwa duara, wanasimulia, wanasuluhisha kesi. Tofauti ni kwamba mwisho unalipa, na wanawake wako upande wa kupika na kuuza zaidi ya kukaa kwenye duara.

Na hao wanawake ndio nguzo ya tatu ya mahali pa kula. Uchumi ulipoyumba kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, mishahara ikawa haitoshi, akina mama wakatoka na masufuria. Nchi nzima ikawabatiza mama ntilie, baadaye kwa adabu zaidi mama lishe. Bariadi nayo ikapata wake, kuzunguka stendi, soko na vinu vya pamba. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi 1994, wanunuzi walimiminika kila msimu na masufuria yakaongezeka. Mji ulipofanywa makao makuu ya mkoa 2012 wakaja watumishi kutoka kila pembe, kila mmoja na ladha ya kwao. Lami ya Lamadi hadi Bariadi, kama kilometa 72 hivi, imefupisha safari ya samaki kutoka ziwani. Maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane yalipofanyika Nyakabindi kuanzia 2018 hadi 2020, ilibidi mji ujifunze kulisha maelfu kwa mpigo.

Kwa hiyo leo ukitaka kula Bariadi, ramani yangu ni hii. Asubuhi nenda kwenye supu karibu na stendi, uliza makongoro. Mchana tafuta mama lishe mwenye foleni ya wasukuma mikokoteni, hao hawadanganyiki, ule ugali na sato, au dagaa, au furu akibahatika kupatikana. Furu hao walikuwa tele Ziwa Victoria kabla sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960, hajawamaliza wengi wao kufikia miaka ya 1980. Siku ya mnada, usiniulize.

Na chakula cha Kisukuma? Kipo, lakini kimejificha. Kiko sokoni kwenye viroba: michembe, matobolwa, nsansa, unga wa mtama na udaga, ule muhogo uliovundikwa na kukaushwa. Kinauzwa kikavu, kwa kopo, ukapike kwako. Yupo mama mmoja karibu na soko, jina lake si la kuandika hapa, ambaye ukimweleza siku moja kabla anakupikia nsansa ya karanga ya kufunga macho. Nilimuuliza kwa nini haiweki kwenye orodha ya kila siku. Alinieleza kwamba wazee wanaipenda, lakini vijana wa maofisini wakiiona wanadhani jiko limeishiwa.

Limeishiwa! Sentensi hiyo imenikaa kichwani kuliko hotuba nyingi nilizoripoti. Chuoni nilikuwa na mwenzetu kutoka Maswa aliyekuwa analetewa michembe na mama yake kila muhula. Alikuwa anaila usiku, taa zimezimwa, ili asiitwe mshamba. Wakati huo huo, mwenzetu wa Pwani alikula visheti vyake mchana kweupe na kila mtu aliomba kimoja. Vyote ni vitafunwa vikavu vya kutoka kwa mama. Kimoja kina heshima, kingine kina aibu.

Na gharama niliyoahidi kuisema ni hii. Aibu haiishii kwenye ulimi. Msichana anayeona aibu kula michembe hatajifunza kuikausha. Na kuikausha si jambo la kukisia: kiazi kinyauke siku ngapi, kipande kiwe chembamba kiasi gani, umande usikikute, ghala liwekwe nini wadudu wasiingie. Hayo yako kwenye vidole vya bibi zetu, hayako kwenye kitabu cha darasa la saba. Bibi wakiondoka, yanaondoka. Lakini mvua zetu hazijabadilika kuwa za Bukoba. Mwishoni mwa 2016 vuli zilikuwa haba, na mwanzoni mwa 2017 nchi nzima ikabishana kama kuna njaa au hakuna. Tulibishana redioni na magazetini kuhusu bei ya debe la mahindi. Sikumbuki mtu aliyeuliza ni kaya ngapi bado zina michembe ghalani.

Kichekesho ni kwamba dunia inakuja upande wa bibi. Umoja wa Mataifa uliufanya 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa mtama, ulezi na jamaa zake. Zawadi ya Dunia ya Chakula ya 2016 walipewa wataalamu wanne, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, na watatu kati yao ni kwa kazi ya viazi vitamu vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A. Kwenye maduka makubwa ya Dar unga wa mtama na uwele umewekwa kwenye pakiti nzuri, unauzwa kwa wenye kisukari na wanaopunguza uzito, kwa bei ambayo sembe haiioni. Tulichokiita chakula cha njaa huku, kule kinaitwa chakula cha afya. Tusipoangalia, siku moja tutainunua michembe kutoka kwa mtu mwingine, ikiwa na nembo.

Sipendekezi turudi kwenye jiwe la kusagia, wala watoto watoke darasani wakafukuze kwelea. Napendekeza mambo madogo. Wenye hoteli, wekeni siku moja ya wiki ya nsansa na ugali wa mtama, mwandike jina kwa herufi kubwa, muone. Wanaoandaa mikutano ya mkoa, badala ya soseji na keki kwenye chai ya saa nne, matobolwa yana ubaya gani? Na wewe msomaji mwenye simu yenye kamera, Juni hii ukienda likizo, usipige picha majabali peke yake. Kaa na bibi anapoanika, uliza, andika vipimo, kata vipande vyako mwenyewe mpaka akukosoe. Asili ni ujuzi, nilisema pale juu, na ujuzi unahama kwa mikono.

Naomba kutoa hoja.